Achana na "notwithstanding", kajifunze "have"

Nottingham, Jumapili usiku

Mdogo wangu,

Asalaam aleikum. Mama hajambo? Mguu wake vipi, na ile dawa ya kuchua niliyompa yule jirani aje nayo ilifika Makorora au ndo imeishia Dar kama kawaida? Mimi mzima, nimetoka kazini saa mbili usiku, miguu inawaka moto, nimekula kimkate changu cha duara ambacho watu wa hapa Nottingham wanakiita cob, hilo neno liweke akilini tutalirudia, na sasa nimekaa kitandani nakuandikia kwasababu voice note zako nazisikiliza kwenye tram halafu nasahau kujibu.

Nimeona picha ya daftari lako la IELTS, huo mtihani wa Kiingereza unaotaka kuufanya. Maneno 200 umeyapanga kwa rangi, meticulous, notwithstanding, sijui ubiquitous, nikafurahi maana najua ulivyo mvivu wa kuandika, ila na kucheka nilicheka. Mdogo wangu mimi nina miaka miwili na nusu huku na hiyo notwithstanding sijaisikia kwenye mdomo wa mtu hata siku moja. Kitakachokutoa jasho huku ni neno uliloliimba darasa la tatu na kiboko kiko juu ya meza, I have, you have, he has. Hilo hilo. Nakwambia mapema kwasababu mlango wa kuja kulea wazee kama nilivyokuja mimi walishaufunga Julai 2025 kwa wanaotoka nje, umebaki huo wa chuo, na mwanafunzi wanamruhusu masaa 20 tu ya kazi kwa wiki wakati wa masomo, kwahiyo hayo masaa yako 20 usije ukayamaliza unashangaa tu watu wanasema nini.

Tatizo letu linaanzia nyumbani. Sisi hicho kitenzi hatuna. Fikiria vizuri, Mswahili hana neno moja la have, mtu mwenye ng'ombe "ana ng'ombe", yani yuko na ng'ombe, basi, tunaazima "kuwa" tunaibandika "na" maisha yanaenda. Sasa ukishazoea hivyo, kila ukisikia have kichwa kinatafuta kitu, huyu mtu ana nini, kiko wapi, kakishika mkono upi. Kumbe Mwingereza have kwake ni kama kikapu cha sokoni, anatia chochote anachokutana nacho njiani.

Wiki yangu ya kwanza kazini, msimamizi ananifundisha mashine ya kunyanyulia wazee, ile yenye mkono wa chuma na kitambaa cha kumbebea mtu, kina vitanzi vya rangi rangi lazima ulinganishe kulia na kushoto la sivyo mzee anapinda. Kanionyesha mara mbili, nikaitikia kwa kichwa, akasogea pembeni akaniambia "Have a go, duck." Mimi nimesikia vitu viwili tu, nenda, na bata. Nikasema eh, yani nimeshindwa mapema hivi mpaka nafukuzwa na kuitwa bata juu? Nikajikaza nisilie, nikasema thank you, nikaenda kuchukua koti langu na mkoba, nimeshafika mlango wa lifti ndo namsikia ananikimbilia nyuma, unaenda wapi? Nikamwambia si umeniambia niende. Yule mama alikaa chini sakafuni akacheka mpaka machozi, mimi nimesimama na koti.

"Have a go" maana yake jaribu. Zamu yako sasa, shika mwenyewe tuone. Na bata hapa Nottingham na miji ya jirani ndo mpenzi, ndugu yangu, mwanangu, dereva wa basi anakuita bata, muuza duka anakuita bata, mwanaume mzima anamwita mwanaume mwenzie bata na hamna anayenuna. Kwahiyo ukifika nisije nikakuta unagombana na mtu kituoni.

Haya, nikashika, have a go ni jaribu. Wiki tatu mbele mwenzangu wa Zimbabwe anatoka chumba namba 6 uso umemvimba, namuuliza vipi, ananiambia binti wa yule bibi "had a go at me." Nikamwambia ah si vizuri, amejaribu kukusaidia? Aliniangalia! Kumbe ukiongeza ka-"at" kadogo pale mwisho, kujaribu kote kunakufa, inakuwa mtu kakushukia, kakufokea, kakusema mbele za watu. Ka-neno ka herufi mbili. Hicho ndo ninachotaka ukishike kuliko hayo maneno yako 200, have yenyewe haina maana yoyote, maana imekaa kwenye kinachofuata, na mara nyingi kinachofuata kinasemwa haraka haraka na kinamezwa nusu.

Huyo huyo bibi wa namba 6 siku nyingine kagoma kula, namwambia kula kidogo bibi yangu, ananijibu usimwambie binti yangu, "she'll be having kittens." Kittens najua, vitoto vya paka, hilo liko kwenye kitabu cha darasa la nne na picha yake. Nikaona kumbe huyu binti mkali mkali anafuga paka na paka ana mimba, ndo maana ana presha. Jumamosi kaja, nikamkaribisha kwa bashasha zote nikamuuliza vipi paka ameshazaa, wako wangapi? Akaniambia sina paka. Nikamwambia lakini mama yako kasema. Tukabaki tunaangaliana. "Having kittens" ni kupata kiherehere cha wasiwasi, moyo juu juu, roho haitulii. Kwahiyo sio tu kwamba nilimuuliza habari za paka asiye naye, nilimchongea na bibi wa watu kwamba hali chakula. Na hapo ndo na mimi nikaonja ile ya have na at.

Sasa ile cob. Kuna mzee hapa akinuna ananuna siku tatu. Asubuhi nataka kuingia chumbani kwake wenzangu wakanizuia, muache, "he's got a cob on." Got hapo ni ile ile have imevaa shati jingine, wanazibadilishana. Mimi nimeelewa ana mkate mwilini. Na mkate kitandani ni hatari, chenga zinachubua ngozi ya mzee mpaka vidonda, tumefundishwa. Nikaingia kishujaa, nikamfunua blanketi, natafuta mkate. Matusi niliyoyapata siku ile baadhi yake mpaka leo sijayajua maana na sitaki. Kuwa na cob ni kununa, kuwa na hasira zako kimoyomoyo. Na wa hapa wana nyingine, mtu akinuna kama mtoto aliyenyimwa embe wanasema "having a mardy", hiyo ukiisema London watakukodolea macho, ni ya huku kwetu. Ona, nimeshaanza kusema huku kwetu.

Nyingine nakupitishia haraka maana hazina madhara. "Have a natter" ni kupiga soga. "Have a lie-in" ni kulala mpaka jua linakuchoma, ile unayoijua sana. "Have a flutter" ni kubeti kidogo, utaisikia Aprili kwenye zile mbio za farasi za Grand National pale Aintree Liverpool, ofisi nzima wanachangishana kila mtu anavuta karatasi ya farasi wake, mimi niliwaambia dini hairuhusu wakanielewa wakanipa keki. "The kettle's had it", kettle ni birika la kuchemshia maji, usiulize limepata nini, limekufa, kanunue jingine. Na "you're having a laugh" usidhani mtu anafurahi, mimi niliambiwa chumba pauni 650 kwa mwezi choo mnachangia watu watano, mwenzangu akasema "they're having a laugh", hakuna aliyecheka hapo, ni kama sisi tunavyosema wewe unanitania au, huna aibu. Kuna na moja inamalizikia na off, hiyo siwezi kukuandikia kwasababu najua barua hii unamsomea Mama kwa sauti, ila tu usije siku moja ukitaka kusema nimevua koti ukasema have it off. Kaulize wanaume wenzio.

Sasa subiri, kuna moja sijawahi kumwambia mtu nyumbani.

Novemba iliyopita naingia zamu saa moja asubuhi, giza bado, tuko kwenye kale kachumba ka kukabidhiana zamu, watu saba, nesi wa usiku amechoka macho mekundu anasoma karatasi kama anafukuzwa, namba 3 kalala vizuri, namba 9 kagoma dawa, namba 14 "had a turn about five", namba 15 hivi, namba 16 vile. Sasa wewe hujui, kwenye kazi yetu neno turn ni la kila siku. Wazee wasioweza kujigeuza wenyewe tunawageuza sisi kila baada ya masaa machache, ubavu huu, mgongo, ubavu huu, wasipate vidonda vya kulalia, na kila chumba kina chati unaandika saa ngapi na upande upi. Kwahiyo mimi nikasikia vizuri kabisa, na moyoni nikajipongeza nimeelewa, namba 14 amegeuzwa saa kumi na moja alfajiri. Nikaenda kwenye chati yake sikuona mtu ameandika, nikasema hawa wa usiku wavivu, nikawaandikia mimi. 05:00, amegeuzwa. Halafu nikapiga hesabu, basi huyu mpaka saa tatu hana haraka, ngoja nianze na wengine.

Bibi wa namba 14 ni yule niliyekuambia alikuwa mwalimu wa piano, vidole vyake mpaka leo akilala vinachezacheza juu ya shuka. Saa mbili hivi nikapita na chai. Nikamkuta mweupe kuliko siku zote, jasho jembamba juu ya mdomo, vidole vimetulia. Hilo ndo lililonishtua mdogo wangu, vidole. Nikabonyeza kengele. Nesi wa mchana akaja mbio na mashine ya presha, presha iko chini kabisa, akauliza nani anamuangalia huyu, si mlikabidhiwa kwamba alipata shida usiku? Nikamwambia hapana, aligeuzwa, angalia nimeandika. Akaisoma chati akanyamaza. Halafu akaniambia taratibu, had a turn maana yake alipata kizunguzungu, alitaka kuzimia.

Daktari akaitwa, wakagundua ni dawa mojawapo kipimo kimezidi, wakapunguza, jioni bibi ameshika kikombe mwenyewe. Hakufa. Lakini kutoka saa moja mpaka saa mbili yule mama alikuwa peke yake na mimi nipo chumba cha pili natandika kitanda naimba. Na karatasi yenye mwandiko wangu inasema kila kitu kiko sawa. Niliitwa ofisini, hawakunifokea, walisema kuanzia sasa kwenye makabidhiano mtu aseme dalili, sio "turn", na kweli wanafanya hivyo, lakini usiku ule sikulala. Siku nzima nilikuwa najiona najua Kiingereza.

Tangu hapo ndo nikaanza kuziandika. Nina kidaftari kwenye mfuko wa sare, kila have inayopita naidaka, na mwalimu wangu mkubwa ni mzee wa chumba namba 9. Huyu sio wa hapa, alizaliwa East London, alifuata mke Nottingham, mke kafa yeye kabaki. Kwahiyo ana Kiingereza kingine kabisa. Siku ya kwanza kaniona naangalia picha kwenye simu, mlizonitumia za Eid, akasema "let's have a butcher's." Nikajua bucha. Nikamwambia mzee wangu nyama ya nguruwe mimi siendi kununua. Akasema nani kazungumza nguruwe, nataka kuona picha!

Akanielezea. Wale watu wa London ya mashariki, makokni, wana mchezo wa kuficha maneno kwa vina. Kuangalia ni look. Look inafanana sauti na hook, ndoano. Ndoano ya nyama ya bucha ni butcher's hook. Basi badala ya kusema have a look wanasema have a butcher's hook, halafu na ile hook yenyewe iliyobeba kina wanaikata wanaitupa, inabaki bucha peke yake, na wewe mgeni ukatafute mwenyewe. Simu, phone, wao ni mbwa na mfupa, dog and bone. Mchezo huu ni wa zamani, kuna kamusi ya misimu ya mwaka 1859 tayari imeyapanga maneno ya namna hii. Nikamwambia mbona hata sisi tulikuwa na yetu utotoni, kinyume, unakumbuka, nyumba tunasema mbanyu, ili watu wazima wasituelewe? Akafurahi kama mtoto, siku nzima anasema mbanyu.

Ila huyu huyu mzee ndo alinipa nyingine iliyonifanya niache kucheka. Nilimsimulia habari ya namba 14, kwa mara ya kwanza namsimulia mtu. Akakaa kimya, akaniambia ngoja nikwambie have iliyomnyonga mtu. Yeye alikuwa mvulana wa miaka 12. Usiku wa tarehe 2 Novemba 1952, pale Croydon kusini ya London, vijana wawili walipanda juu ya ghala kwenda kuiba. Mmoja Christopher Craig, miaka 16, ana bastola. Mwingine Derek Bentley, miaka 19, akili yake ilikuwa nzito, kusoma tabu. Polisi wakafika, mmoja akapanda juu akamkamata Bentley. Akamwambia Craig lete hiyo bastola. Hapo, polisi walivyokuja kusema mahakamani, Bentley alipaza sauti, "Let him have it, Chris." Craig akaanza kufyatua, na baadae konstebo Sidney Miles akapigwa risasi ya kichwa akafa.

Sasa nambie wewe mwenye daftari la rangi. "Let him have it." Kwa Kiingereza cha kitabu ni mpe, mwachie aichukue, yani mpe askari bastola mambo yaishe. Kwa Kiingereza cha mtaani ni mpe yake, mtandike, mfyatulie. Maneno yale yale manne. Bentley mwenyewe alikana kuwa aliyasema, na Craig naye akakana, lakini upande wa mashtaka uliyashikilia kwa ile maana ya pili. Craig aliyekuwa na bastola hakunyongwa kwasababu hajafika 18, alifungwa akatoka 1963. Bentley ambaye hakufyatua chochote na alikuwa ameshakamatwa, walimnyonga tarehe 28 Januari 1953 gereza la Wandsworth. Familia yake ikapigania jina lake miaka na miaka, mpaka Julai 1998 mahakama ya rufaa ikaifuta ile hukumu. Miaka 45. Mzee ananiambia asubuhi ile mama yake alizima redio akawaambia watoto nendeni shule.

Nikarudi nyumbani na tram usiku nikawa nayasema kimoyomoyo, let him have it, najaribu kusikia ni lipi. Unasikia unachotaka kusikia bwana.

Haya turudi kwenye vya kuchekesha nisije nikakunyima usingizi. Unakumbuka mwaka jana nilikupigia nalia habari ya chumba? Niliona tangazo, chumba kizuri dirisha linaangalia mto Trent, jamaa anajifanya yuko safarini, nikatuma pauni 400 za kushikia, siku ya kuhamia nafika na begi langu nakuta familia imekaa inakula, hawajui chochote. Nikarudi kazini namsimulia yule msimamizi wangu, akanishika bega akaniambia "oh duck, you've been had." Nikasubiri amalizie. Been had nini? Hamna, imeishia hapo. Nimekuwa... nimemilikiwa? Nimeshikwa? Nikaenda kumuuliza mzee wangu wa namba 9, akasema wamekutapeli, wamekuweka mjini.

Na mimi bila kufikiria nikasema kwa Kiswahili, aah, nimepigwa!

Akasema nani kakupiga? Maana neno piga analijua, nilishamfundisha siku nyingi kwasababu kila nikisema naenda kupiga simu anaona ni sentensi ya ajabu. Nikamwambia hapana hawajanigusa, kupigwa kwetu ni hiyo hiyo been had. Basi mdogo wangu tukaanza, akachukua karatasi, nimpe piga zote. Kupiga simu. Kupiga pasi. Kupiga picha. Kupiga mswaki. Kupiga miayo, kupiga chafya, kupiga magoti, kupiga kura, kupiga mbizi, kupiga kelele, kupiga soga, kupiga ramli, kupiga chabo. Akaniuliza nguo imekosa nini mnaipiga? Na meno mnayapiga kila asubuhi? Na nikimtafsiria kuwa ukiomba hela kwa watu tunasema unapiga mizinga alikohoa mpaka nikataka kubonyeza kengele. Akasema nyinyi watu ni wakatili kweli, sisi tunavimiliki tu vitu, nyinyi mnavitwanga. Na nilikuwa sijamwambia bado ya kula, kula kiapo, kula njama, kula hasara, kula chumvi. Nimemwekea akiba ya siku ya mvua, na hapa mvua ni kesho.

Sijui kama umeniona ninapoelekea. Mimi nilikuja na hasira na have ya watu, kumbe Mzimbabwe au Mwingereza akija Tanga aambiwe "dada kapiga pasi" naye atatoka na koti lake mpaka lifti. Wewe hujawahi kujifunza piga kwenye orodha, ulikuta watu wanaongea ukadaka. Fanya hivyo hivyo, hiyo sehemu ya kusikiliza ya IELTS haitakufundisha hizi lakini sikiliza watu wanaopigiana kelele kwenye mpira, sikiliza wauza soko, na ukisikia have usiikimbilie, subiri kinachofuata mpaka mwisho. Na usipoelewa uliza hapo hapo, hata kama watu saba wanakuangalia na nesi anataka kwenda kulala. Mimi siku ile sikuuliza.

Nimetuma kitu kidogo Ijumaa, kimeingia kwenye simu ya Mama, mwambie asimpe fundi wa bati hela yote mpaka amalize, tusijekuwa been had na sisi. Nusu ya ada yako ya mtihani iko humo humo, ukiitumia kwenye mkeka wa mpira najua tu.

Halafu nipigie picha ya Mama akiwa barazani asubuhi, ile saa anakaa na kibao cha mbuzi anakuna nazi, na ule mwembe uonekane. Sio ya studio. Ni kwa ajili ya mzee wa namba 9, kila nikiingia na chai ananiuliza imefika? Ana neno lake jipya kalitengeneza mwenyewe, wazungu hawalielewi na waswahili hawatalielewa, ananiambia leta hiyo simu, twende tupige butcher's.

Wasalimie wote, usisahau bibi wa mtaa wa nyuma.

Dada yako